Tone la Sabuni

Shosho wangu,

Huku Njoro baridi imeingia hadi kwenye mifupa, na chai inapoa kabla hujaweka kikombe chini. Nilikupigia simu kukuonya kuhusu dawa yako ya magome, ukacheka. Basi naandika, ubandike kadi hii ukutani, kando ya tembe zako za ugonjwa wa sukari.

Yale magome uliyonifungia kwenye gazeti niliyachemsha, nikayajaribu kwenye maabara ya chuo. Tunaweka supu yake kwenye vishimo vidogo vya kisahani pamoja na kimeng'enya, ile kitu ya tumboni inayogeuza ugali kuwa sukari. Kimeng'enya kikifanya kazi, maji yanageuka njano. Ya kwako hayakugeuka, kana kwamba magome yamekizuia kutengeneza sukari, nami nikakimbilia simu kukuambia dawa yako imeshinda.

Jana Chepkoech, anayesimamia maabara, akaniuliza, "Uliweka sabuni?" Nikamjibu kwamba nilinawa mikono vizuri. Hakucheka. Alidondosha tone la sabuni katika kila kishimo, na vyote vikawa njano kama mkojo. Kumbe ule ukakasi wa magome, unaokausha ulimi, ulikuwa umekigandia tu kimeng'enya, na sabuni ikaubandua. "Kitu inashika kila kitu haiponyi kitu," akasema. "Hii ni gundi."

Shosho, uliacha tembe kwa sababu yangu. Kosa ni langu, lakini mguu wenye kidonda ni wako. Zirudie leo, kabla hujasomewa kadi hii mara ya pili. Mungu akulinde, nikirudi nikukute mlangoni, umesimama kwa miguu yote miwili.

Mjukuu wako,
Wanja