Machela Iliyokwama Kwenye Ngazi za Ghorofa ya Sita

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba uninusuru, ila usinicheke mwandiko, shule niliiacha ilipoanza kunizoea. Mimi ndiye kinyozi wa ghorofa ya sita, na nikisema kinyozi sisemi hawa wa chini wanaokwangua watu kama samaki, kichwa nilichonyoa mimi unakitambua hata kwa kisogo. Jengo letu lina ghorofa kumi na lifti yake ilikufa kabla sijaota ndevu, kwa hiyo wote, mama na ndoo, baba na mtungi wa gesi, tunapita ngazi, na pale ngazi zinapogeukia kuna nafasi pana, tupu, nikajiambia waliochora hili jengo walisinzia, nafasi yote hii ya kazi gani? Nikapigilia plaiwudi, nikaweka kiti na kioo, ukabaki upenyo wa mtu na ndoo yake, majirani wakanisifu, "Dogo, una akili!"

Mwezi uliopita fundi cherehani wa ghorofa ya tisa, mzee ninayemhesabu kama baba, alianguka mchana kweupe. Gari la wagonjwa likaja upesi, wabeba machela wakapanda mbio, kumshusha sasa, wakafika kwangu, machela haigeuki. Wakainamisha, wakainua, wakarudi nyuma, mzee anateleza. Mmoja akafoka, "Mpumbavu gani kajenga hapa?" Nami, mshauri, kwa mdomo huu huu, nikasema, "Sijui, bosi, tulikuta hivyo hivyo." Nikashika shuka tukambeba mzee kama gunia, na ukuta wangu ulikuwa wa kuangushwa kwa mateke mawili tu, nilijua, misumari nilipiga mwenyewe.

Mzee hakufa. Amepooza upande mmoja na maneno yamekwisha. Kila Ijumaa napanda kumnyoa bure, mkewe ananiita "mwanangu, Mungu akuone," lakini mzee ananikazia jicho tangu naanza mpaka namaliza, maana siku ile alikuwa macho, alisikia. Sasa mwanawe, ambaye siku ile hakuwepo, anawashtaki wale wabeba machela kwa wakubwa wao kwamba walizembea kumshusha, anataka wafukuzwe kazi, na shahidi wake ni mimi, Jumatatu. Majirani kimya, nao wanapenda kunyolewa karibu. Nikisema nimekwisha, nikinyamaza silali. Nifanyeje?

Kinyozi wa Juu

*

Kinyozi wa Juu,

Marahaba. Sifa zako za mashine kaa nazo.

Waliochora jengo hawakusinzia. Nafasi ile waliiacha kwa ajili ya mtu aliyelala, awe mgonjwa au maiti, naye hapindi kona kama wewe. Kosa hilo ningekusamehe: lifti ikifa na mwenye jengo akatia pamba masikioni, kila mpangaji hujikatia kipande chake. Lakini "tulikuta hivyo hivyo"? Hapo hukukosea, kijana, hapo ulichagua. Kati ya plaiwudi na mzee wako, ulichagua plaiwudi.

Nakuonea huruma, kidogo. Asiye na moyo asingepanda ghorofa tatu kila Ijumaa. Ila kumnyoa bure mtu asiyeweza kukufukuza si toba, ni kujipaka mafuta.

Sasa sikia. Bomoa leo, kwa mikono yako, na usingoje mkutano wa wapangaji. Ukimaliza, panda ghorofa ya tisa, waketishe mkewe na mwanawe, useme yote mbele ya mzee, kwa sauti, bila kumalizia na "lakini." Jumatatu nenda kayarudie mbele ya wakubwa wa wale wabeba machela, maana wana watoto nyumbani na kosa si lao. Utatukanwa. Nyamaza, utukanwe. Majirani waliokusifu watakuwa wa kwanza kusema hawakupenda ule ukuta tangu mwanzo. Usibishane nao, huna hadhi hiyo kwa sasa.

Kisha muulize mzee kama bado anataka umnyoe. Mkono mmoja bado anao. Akiusukuma wako, kusanya vifaa vyako ushuke, na usithubutu kumlilia mkewe mlangoni.