Mama Ameingia Garini kwa Miguu Yake

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwetu,
Jumapili, tarehe 16, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wa Mama,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye sasa hivi amejilaza chumba cha pili baada ya chakula na kunikataza nisikanyage cherehani mpaka aamke. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wanangu wawili, kile kikohozi cha mkubwa kimekwisha au bado anakitumia kukwepa shule? Nijibu kwa kirefu, si kwa vile vijistari vyako viwili vya kwenye simu.

Sisi huku wazima. Nyonga ya Mama inaunga vizuri, daktari amesema mwenyewe. Mimi mgongo unanikumbusha umri kila nikiinuka, lakini wiki hii sikuusikia kabisa, na sasa hivi utajua kwa nini. Tafuta kiti ukae. Barua hii ina majigambo na sitaomba radhi.

Unakumbuka yale mazungumzo yetu ya simu ya mwezi uliopita, wewe, mimi na Kaka. Mliamua, wawili kwa mmoja, kwamba mwezi huu ukiisha kabla sijapata njia ya kueleweka ya kumpeleka Mama hospitali kwa mazoezi, mara mbili kila wiki, basi Kaka atakuja kumchukua akaishi kwake. Nilikukasirikia, nasema wazi. Kaka nimemzoea, hatukumwita Meya tangu akiwa na kaptula kwa bure. Ila wewe nilidhani utakuwa upande wangu.

Kesho yake, nikimvalisha Mama soksi, akaniambia kitu kimoja tu, kwamba amechoka kubebwa. Unalijua gari la Kaka lilivyo refu, kulipanda ni kama kupanda darini. Kila akija kumpeleka mahali humnyanyua mikononi, mlangoni pale, majirani wakitazama, na Mama hufumba macho. Mwanamke aliyetulea watatu peke yake na hakuna aliyethubutu kumkazia sauti, anafumba macho mpaka mlango ufungwe. Tangu siku hiyo nikawa natafuta gari ambalo Mama ataingia na kutoka mwenyewe, na kila gari nililoliona barabarani nilitazama viti vyake kwanza.

Nikafanya kazi yangu ninavyoijua. Mimi simkatii mtu kitambaa kabla sijampima. Kuna kile kiti cha mbao cha jikoni, ndicho pekee Mama anachoinuka bila kushikwa na mtu. Nikakipima kutoka sakafuni: sentimita hamsini na mbili. Nikampima na Mama, kisigino hadi goti, goti hadi nyonga, nikaandika yote kwenye daftari la wateja, ukurasa mmoja na bibi harusi wa mwezi ujao.

Jumanne nikaenda yadi ya magari iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, futi yangu ya kitambaa shingoni kama kawaida. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alidhani nimekuja kutafuta kazi ya kushona mifuniko ya viti. Alipoona nafungua mlango, napima kiti kutoka ardhini, naandika, naenda gari jingine, akaleta stuli akaketi anitazame. Nilipima magari sita. Mengine yalimtaka Mama apande ngazi, mengine yalimtaka ashuke kisimani.

La saba lilikuwa kigari kidogo cha petroli, cha kijivu, kimejibana ukutani nyuma ya pikapu. Milango minne, na wa tano uko nyuma, unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Nikapima kiti cha mbele. Hamsini na mbili, si zaidi si pungufu. Nilirudia mara tatu. Muuzaji akaniambia kigari hicho petroli kinainusa tu, hakiinywi, lakini mimi nilikuwa nimeshakaa ndani, nimeshika usukani, sitaki kutoka.

Nyumbani nikapima kile kiti cha magurudumu cha Mama kikiwa kimekunjwa. Tisini na nane. Nikampigia muuzaji simu anipimie upana wa buti. Tisini na tisa. Nikakata simu nikacheka peke yangu humu chumbani mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali akaniuliza kama niko salama.

Kaka akafika Ijumaa asubuhi kushuhudia. Sharti lake lilikuwa moja: yeye atakaa nyuma, hatatia neno, na nikiwafikisha hadi lango la hospitali na kuwarudisha yadini bila mtu kunishikia usukani, Mama abaki kwangu. Nikishindwa, Mama aondoke naye Jumapili. Yaani leo. Akanikumbusha pia, kwa upole wa kuudhi, kwamba mtihani wa leseni nilifeli mara mbili kabla ya kupita, na mara zote mbili ni kwenye mlima. Alipokiona kigari akamuuliza muuzaji, "Hiki kiberiti mnakiuza na njiti zake?"

Muuzaji akacheka, akampa Kaka funguo. Nilinyoosha mkono nikauacha hapo hapo, umekunjuliwa, hadi funguo zikafika.

Sasa ikaja zamu ya Mama. Nikasogeza kiti chake cha magurudumu karibu na mlango wa mbele. Akainuka, akashika fremu ya mlango, akageuka pole pole, akakaa. Halafu akaingiza mguu mmoja, na wa pili. Ni hivyo tu, kama anakaa jikoni kumenya vitunguu. Mimi na Kaka tulikuwa tumeshatanguliza mikono yote minne, ikabaki hewani haina kazi.

Ndipo nikaumbuka. Tulipokwenda kupakia kiti cha magurudumu, hakiingii. Kimekwama kwa upana wa kidole, huku hakiendi, kule hakiendi. Nikaapa kwamba nimekipima. Muuzaji akaleta futi yake ya chuma, akailaza kando ya yangu, na hapo mdogo wangu nilitamani ardhi inimeze. Futi yangu imevutika. Miaka kumi na tisa naivuta kwenye viuno vya watu, imerefuka, kiti cha sentimita mia inasema tisini na nane. Nguo hazijawahi kuharibika kwa sababu ninayempimia mtu ndiyo hiyo hiyo ninayokatia kitambaa chake. Na sasa nimeelewa kwa nini wateja wangu wote hutoka humu wakifurahi kwamba wamepungua.

Kaka alikuwa ameshaanza kumwelekeza muuzaji kwenye gari kubwa la dizeli, mkono mmoja begani kwangu akinipa pole. Pole yake ilinichoma kuliko dhihaka. Mimi nimesimama na futi yangu mkononi, nahesabu siku mbili zilizobaki.

Mama akageuza shingo kutoka kiti cha mbele. "Hiyo nyuma imegandishwa?" akauliza. "Haikunjwi?"

Muuzaji akajipiga paji la uso, akaja mbio. Akavuta kamba fulani, na nusu ya kiti cha nyuma ikalala chini kama jani la kitabu. Kiti cha magurudumu kikateleza mpaka ndani, nafasi ikabaki. Kwa Meya ikabaki ile nusu nyingine. Alijikunja humo, magoti yakagusa kidevu, na kwa kuwa alishaahidi kutotia neno, hakutia.

Tukatoka. Mitaa ya tambarare nilikwenda vizuri, gia zinaingia, taa nyekundu nasimama, kijani naondoka. Kisha ukaja ule mlima wa hospitali. Juu kabisa mlinzi alikuwa ameteremsha kizuizi, magari yamepanga foleni mlimani, na nyuma yangu akasimama dereva wa lori la mikate, karibu kiasi cha kuona ndevu zake kwenye kioo. Foleni ikasogea. Nikaachia klachi, gari likatikisika, likazimika. Lori likapiga honi.

Nilijaribu tena, likazimika tena. Ndipo nikatambua kosa langu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya soli nene, kusudi nionekane dereva. Mimi, ambaye sijawahi kushona na kiatu mguuni. Cherehani naiendesha kwa wayo mtupu, naisikia sindano kwa kidole gumba, najua itauma wapi kabla haijauma. Nikakaza breki ya mkono, nikavua kiatu cha kushoto, nikampa Kaka nyuma akishike. Lori likapiga honi mara ya tatu. Mama akasema, "Mwache apige, ni yake."

Nikakanyaga klachi kwa mguu mtupu. Nikaiachia taratibu, na nikaisikia, mdogo wangu, pale chini ya vidole, gari likinyanyua pua likitaka kwenda. Nikashusha breki ya mkono, nikaliongezea mafuta, likapanda. Halikurudi nyuma hata unene wa uzi. Foleni ilisimama mara nne zaidi kabla ya lango na mara zote nne niliondoka hivyo hivyo. Ya mwisho nilitamani foleni iwe ndefu zaidi.

Langoni Mama akafungua mlango mwenyewe. Akatoa miguu, akainuka, akasimama kwenye lami, mkono mmoja juu ya paa la gari, akamsalimu mlinzi na kumuuliza habari za nyumbani kwake. Macho wazi. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kaka alikaa nyuma muda mrefu bila kutoka. Nikadhani amebanwa. Nilipoinama nimsaidie nikakuta ameshika kile kiatu changu kwa mikono miwili na macho yamemlowa. "Nimeona," akasema. Sikumcheka, ingawa nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nikawarudisha yadini salama, kigari nikakilipia. Leo asubuhi Kaka ameondoka peke yake, amenunulia kigari kapeti za miguuni kabla ya kwenda.

Kwa hiyo mmeshindwa, wewe na yeye, na nawapenda wote wawili. Nisalimie shemeji, wabusu wanangu, na mwambie mama mkwe wako lile gauni lake liko njiani, vipimo vyake visimtie furaha sana. Wifi naye anakusalimu kupitia Kaka.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo Mama hajui kama nalijua. Tangu ile wiki ya simu yetu, chini ya kitanda chake kulikuwa na mkoba wa safari umejaa nguo, umefungwa. Aliupanga mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Alikuwa tayari kwenda mnakotaka aende. Ijumaa hiyo jioni nikiwa kwenye cherehani nikasikia kabati lake linalia, nikachungulia. Amesimama, mkono mmoja ameshika mlango wa kabati, kwa ule mwingine anatundika nguo zake moja moja. Ilimchukua karibu saa nzima. Sikumsaidia.

Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie afya na usingizi mtulivu, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi dada yako akupendaye hata ukipiga kura vibaya,

Fundi wa Familia, sasa na Dereva.