Bibi wa Kitani Aliyeniita Dada

Mdogo wangu Rehema,

Nakusalimu kutoka Sydney, mvua haikatiki. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo bibi Mrusi. Wilayani kwao, anasema, ni misitu na mto unaoganda. Walilima kitani, mmea wa kufumia nguo, kijamaa, kiwanda kikafa, vijana wakahama, kijijini wakabaki waliozikwa. Nikamwambia hata kwetu kiwanda cha pamba kimekufa, nikaondoka na sahani yake.

Nyuma yangu nikasikia, "Da, da."

"Abee!" nikaitika, nikidhani naitwa dada.

Kumbe kwao "da" ni ndiyo tu. Nikaenda kulilia chooni.

Nasikia nawe unafunga nyumba ya mama, unahamia Dar. Mungu akutangulie, mpenzi. Ila pale kwetu, nani atabaki kuniita dada?