Chupa Niliyonyimwa

Jumatatu, 2 Februari

We Tatu, leo ndiyo umekumbuka njia? Wiki tatu daftari limelala chini ya mto, hulifungui, na msomaji wake ni wewe peke yako. Aibu huna. Kaa hapo, andika.

Tunafunga marobota. Stoo iko nyuma ya masoko ya nguo ya Liuhua, na baridi ya humu inaingia mpaka kwenye meno. Mwanangu Mwanahawa anakunja madera na nguo za watoto za Idi, mimi nashona midomo ya viroba kwa shazia, kisha naandika alama kwa rangi nyeusi. Maki, wenyewe wafanyabiashara wanaiita. Mzigo bila maki ukifika Dar haujulikani wa nani.

Shule sikuiona hata mlango. Herufi nimejifunzia hapa Guangzhou, juu ya marobota, nina miaka sitini na moja. Ndiyo maana daftari zima ni herufi kubwa.

Lori la kwenda bandarini Nansha linakuja Jumamosi. Kontena la mwisho. Baada ya hapo Wachina wanakwenda kwao kula mwaka mpya, mji unafungwa. Tukilikosa, nguo za Idi zitafika Idi imeshaliwa. Na huu ndio mzigo wa kwanza wa Mwanahawa peke yake tangu aachane na mumewe, Salimu. Kila alichonacho kimo humo.

Jumanne, 3 Februari

Nimeharibu.

Marobota kumi na manane, yote nimeyaandika maki ya zamani. Ya Salimu. Mkono ulijiendea. Ndiyo maki niliyojifunzia kuandika, miaka mitano naandika hiyo hiyo, na rangi inanuka vile vile.

Mwanahawa alikuja na chai, akasimama. Akasema, "Mama, umempa Salimu mzigo wangu." Hakupiga kelele. Bora angepiga. Kule Dar watu wa Salimu watabeba kila chenye jina lake. Nani atabishana na rangi?

Nikamwambia, petroli. Nyumbani maki ikikosewa unafuta kwa kitambaa cha petroli, inatoka, unaandika upya. Duka la rangi la jirani limeshafungwa, mwenyewe kaenda kwao. Kesho nakwenda kituo cha mafuta.

Jumatano, 4 Februari

Nimenyimwa.

Nilikwenda na chupa tupu ya maji. Nikaonyesha chupa, nikaonyesha pampu. Binti wa pampu ni mdogo, mashavu mekundu kwa baridi. Akatikisa kichwa. Meiyou, hakuna. Hakuna vipi na magari yanajaza? Nikaifuata pampu mwenyewe. Akanisimamia mbele, mikono kaitandaza kama kuku mwenye vifaranga. Nikamporomoshea Kiswahili chote nilichozaliwa nacho. Hakusogea. Akanijibu maneno marefu ya Kichina, na katikati nikasikia "nainai", bibi. Anakunyima huku anakuamkia!

Akapiga simu. Askari akaja na pikipiki. Nikasema, Tatu, leo unalala ndani. Kumbe wameniletea kigoda na maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi. Wakampigia Mwanahawa, akaelezwa. Sikukuu ikikaribia, mji hauuzi petroli ya kubeba kwenye chupa wala dumu. Mpaka uwe na karatasi ya polisi, na kuipata ni siku kadhaa. Wanamwogopa mtu mwenye kinyongo asije akachoma watu waliokusanyika na watoto wao.

Mwanahawa akaniambia kwenye simu, "Mama, wanauliza, petroli ya nini?"

Ya nini.

Nimerudi sijala. Mwanahawa anadhani nina hasira. Sina hasira. Siku zimebaki mbili.

Alhamisi, 5 Februari

Asubuhi nilikwenda kutafuta pikipiki, ninyonye petroli kwa mpira kama nyumbani. Nimezunguka mitaa minne. Zote za umeme! Mji mkubwa namna hii, hauna hata tangi la kunyonya. Nikacheka peke yangu barabarani. Kisha nikakaa kwenye ngazi za watu, nikalia.

Liandike, Tatu. Miaka yote unalizunguka.

Nilikuwa nauza petroli Mbagala. Meza ya mbao, chupa zimepangwa kama juisi. Alasiri moja, kesho yake Idi, akaja kijana wa mtaa wetu. Namfahamu tangu anatambaa. Uso umemvimba kwa hasira. Pikipiki hana. Gari hana. Hata baiskeli hana. Nikampa chupa, nikamtakia Idi njema.

Akaenda kuchoma nyumba ya wakwe zake. Mkewe, Zuhura, alitoka na mkono umeungua. Mama yake Zuhura hakutoka.

Nilipeleka mchele msibani. Nilikaa mkekani na wenzangu, nikalia kuliko wafiwa. Chupa ilitoka wapi, sikusema. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi yule kijana sikumuuliza. Neno lilikuwa dogo tu: ya nini?

Jana binti wa watu, labda hajafika miaka ishirini na mitano, kamsimamia mbele bibi kizee, kamuuliza. Kazomewa kwa lugha asiyoijua, hakusogea. Yule ni mwanamke. Aliyemzaa alizaa. Na mji huu, nimeusema sana kwa baridi yake na chakula chake kisicho na chumvi, leo naupa heko. Mamilioni ya watu, na mtu mmoja mwenye chupa wanamwona.

Mzigo bado una jina la Salimu.

Ijumaa, 6 Februari

Kiraka!

Nimeamka na neno hilo mdomoni. Kiroba kikitoboka unatia kiraka. Basi na maki ikikosewa ifunike. Viroba vitupu vimejaa stoo. Kata kipande, weka juu ya jina, shona pande nne, andika maki mpya. Petroli ya nini, Tatu? Ulikuwa na shazia mkononi siku zote.

Mwanahawa anakata, mimi nashona. Laoban, bosi wa stoo, mama mfupi asiyecheka, alikuwa anafunga mabegi yake aende kwao. Kaangalia vidole vyangu. Kavua koti, kachukua shazia ya pili. Anashona kama mashine. Akaishika mishono yangu, akaikunjia pua. Nikamwambia, "Wewe shona, domo funga." Mwanahawa akakataa kutafsiri. Laoban akacheka! Miaka mitano sijayaona meno yake.

Treni yake ilikuwa saa kumi. Saa kumi imepita anashona. Nilimwonyesha saa. Akapunga mkono, kama anafukuza nzi.

Kumi na moja tayari. Saba bado. Vidole vimevimba. Magharibi laoban katufukuza, stoo inafungwa. Lori ni kesho saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 7 Februari

Limekwenda.

Robota la mwisho nililiandikia maki likiwa juu ya lori, dereva anapiga honi, mimi nampigia kelele. Rangi imechuruzika. Acha ichuruzike, inasomeka.

Kumi na manane, yote na viraka kama watoto waliotoka jandoni. Mwanahawa alisimama pale mpaka lori likapinda kona. Akasema, "Mama, Salimu tumemshonea sanda." Tumecheka mpaka tumeshikana. Amenibusu mkono. Nikamwambia aache, una rangi. Akaubusu tena.

Laoban kapata treni ya leo, ya kusimama njia nzima. Nimemfungia chapati nane. Mungu amrefushie siku zake, na pua yake.

Jumapili, 8 Februari

Mtaa kimya. Maduka mengi yameshusha mageti, taa nyekundu zimetundikwa.

Nimekaanga visheti, nimempelekea binti wa pampu. Nilimkuta anabishana na mwanaume mwenye dumu, mkubwa kumzidi mara mbili. Mikono kaitandaza vile vile. Nikaenda nikasimama ubavuni kwake, na mimi nikaitandaza yangu. Yule bwana akatutazama, binti na bibi mweusi mwenye ushungi, akaondoka na dumu lake.

Binti alinitambua. Aliangalia mikono yangu kwanza, kama nina chupa. Nikampa visheti. Akala kimoja pale pale, akafumba macho. Akaingia ndani, akatoka na machenza mawili yenye majani yake. Kwao wanatoa mawili mawili, heri ya mwaka. Hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno. Nilimshika shavu. Baridi tupu.

Machenza yapo hapa dirishani. Sijayala.

Namba ya Zuhura ninayo. Kila Idi ananitumia salamu, ananiita mama.

Siku nyingine ukija hapa, Tatu, usilifungue daftari kwanza. Mpigie Zuhura. Mwambie chupa ilitoka mezani kwangu. Usilie wewe, mwachie alie yeye. Ukimaliza ndipo ukae, uandike alichokujibu, hata kikiwa kibaya, kwa herufi kubwa.