Mugongo wa Masika

Siku ya kwanza ya juma, 3 Juni

Nimeosha Masika, nimemufunga mugongoni, nimewasha makaa kwenye babula. Mama yake, Kavira binti yangu, ametoka alfajiri kwenda soko la Kiwanja kununua maharagwe ya kuuza. Kila juma ni vile. Mutoto ni wangu, mimi koko yake, mpaka siku ya posho, kesho yake ni misa. Haendi kwa mutu mwingine, analia mpaka anatapika. Hapo moyo wangu unafurahi, siwezi kudanganya.

Sikio la kushoto limejaa tena. Sawa mutu ameweka pamba ndani, na nyuma ya pamba jenereta inanguruma. Sisemi. Ukitaja ugonjwa kwa parseli hii, nyumba nyingi uwanja mumoja, jioni wamekwisha kukuzika.

Siku ya tatu, 5 Juni

Aibu.

Nilikuwa napepeta unga. Ghafla inchi ikageuka. Ukuta ukakimbia, jua likaenda upande wa ziwa. Mutu wa Goma inchi ikitikisika haulizi, anatoka. Nikapiga kelele: Tetemeko! Tokeni! Nikatambaa mpaka inje na Masika kifuani. Parseli nzima ikatoka. Papa Bahati, jirani yangu, na povu ya sabuni mpaka masikioni, kitambaa kimoja tu kiunoni. Bibi yake Mama Bahati, yule Muhunde wa Masisi tunayegombaniaga naye kamba ya nguo, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mikononi. Watu wanakimbiza roho, yeye anakimbiza sombe.

Wakasimama. Wakangojea. Maji kwenye beseni hayakutikisika hata kidogo. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa nazunguka. Nikatapika mbele yao.

Mama Bahati akasema: "Koko, hiyo volkano ni ya kwako peke yako? Utugawie basi."

Wakacheka. Nikawatukana wote nikiwa nimelala chini. Kutukana watu ukiwa chini hakuna nguvu.

Siku ya posho, 8 Juni

Kavira amerudi, wamemwambia hata hajatua muzigo. Akanikokota lopitali. Munganga ni kijana, ndevu hazijaamua kama zitaota. Amenipima masikio. Amenitembeza nimefunga macho, nikamuangukia kifuani. Anasema si pepo, si sumu ya watu. Ni maji ya ndani kabisa ya sikio, yanazidi. Ugonjwa una jina la muzungu, Menieri. Hauponi. Unatulizwa tu. Kuna vidonge. Chumvi nipunguze sana. Sikio likianza kujaa nikae chini palepale, nisingoje kuanguka. Na mutoto nisimubebe mugongoni.

Nikamuuliza: sasa nimubebe wapi, kichwani?

Hakucheka. Kavira naye hakucheka. Njiani akasema: "Mama, ukianguka naye, namupeleka Butembo kwa shangazi yake." Butembo! Kwa yule mwanamuke asiyejua hata kuosha sahani. Na barabara yote ni vita. Nitamuona tena lini? Siku ya kunizika.

Siku ya Mungu, 9 Juni

Sombe bila chumvi. Samaki bila chumvi. Nilikula nikilia. Machozi angalau yana chumvi.

Kesho Kavira anarudia njia yake. Nimemuapia sitamubeba mutoto. Nimeapa uwongo, siku ya Mungu, nimetoka misa.

Siku ya pili, 11 Juni

Imekuja tena. Masika alikuwa kwenye mukeka, Mungu amesaidia. Nimelala nikishika muguu wa meza sawa mutu anayezama. Nikifungua macho, nyumba inazunguka. Nikifunga, ni mimi nazunguka. Tumbo limetoka lote. Masika akaja kunipanda juu, analia, anataka mugongo. Siwezi kunyanyua hata kichwa. Kilio chake nakisikia upande mmoja tu.

Nimeomba Mungu alichukue sikio hili. Alichukue lote, na kelele zake na kusikia kwake. Kama hataki sikio, basi anichukue mimi. Hapana. Hapo nimekosea kuomba. Masika atabaki na nani?

Nilikimbia vita na watoto mugongoni. Nilikimbia moto wa volkano na sufuria kichwani. Leo tone la maji linanilaza. Nimekasirika mpaka meno yanauma.

Siku ya ine, 13 Juni

Nimemubeba. Alilia tangu jua kutoka, na sikio lilikuwa limenyamaza. Nikasema ni mpaka bombani tu, nirudi. Njia za mutaa wetu wa Murara ni mawe ya volkano, meusi, yana meno. Katikati ya njia sikio likajifunga. Nilijua. Munganga alisema kaa chini. Kiburi kikasema: fika kwanza pale ukutani, watu wanakuangalia. Njia ikapinduka.

Niliwaza kitu kimoja tu: si nyuma. Nikajitupa mbele. Magoti, mikono, kidevu. Masika hakuguswa na jiwe. Damu yote ni yangu.

Watu wanapita. "Muangalieni huyu koko, asubuhi yote hii amekwisha kulewa kasiksi!" Mimi, ambaye hata divai ya harusi naionja na ulimi tu.

Mama Bahati akaja mbio. Akawatukana pamoja na mama zao waliowazaa. Halafu akashika fundo la kitenge changu. Nikamupiga mukono.

"Fungua, Koko."

"Muache, ni wangu!"

"Fungua, mukaidi weye! Unataka umuue ndiyo ukubali?"

Vidole vilikataa. Halafu vikafungua. Akamufunga kwenye mugongo wake. Masika akalia, akachoka, akalala. Akalala! Hiyo imeniuma kuliko magoti.

Siku ya tano, 14 Juni

Mama Bahati anasema Kavira hatajua kutoka kwake. Ameapa. Mimi nitasema niliteleza kwenye sabuni. Uwongo muzuri, uko tayari. Nimekaa nao siku nzima.

Siku ya posho, 15 Juni

Nimesema yote. Kavira alikuwa hata hajanawa mikono. Aliangalia magoti yangu, akakaa chini, akalia. Nikamwambia: mupeleke Butembo, ama mutoto ashinde na Mama Bahati, huyo ana mugongo wa nguvu na mudomo wa nguvu. Mimi simubebi tena. Nilisema mbiombio. Ningeenda polepole ningekataa.

Kavira amechagua Mama Bahati.

Siku ya ine, 20 Juni

Asubuhi Masika amenyoosha mikono kwa Mama Bahati. Nilikuwa nimekaa karibu. Hakugeuka kuniangalia.

Mchana akarudishwa amelala, akalazwa kwenye mukeka kando yangu. Nimemufukuzia inzi. Sikio linanguruma kidogo, kwa mbali. Sikusimama.

Kumekuwa na baridi leo, imeshuka kutoka mulimani. Imenipata mugongoni, pale Masika alikuwa anakaaga.