Nimelisema Ulilolisitiri

Mama,

Hali yako sijui, na sina wa kumuuliza. Mimi mzima, ila nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Leo Ijumaa nimekusomea Yasini baada ya alfajiri, na nilipofunga msahafu nilitaka kukwambia neno, nisijue pa kuanzia. Ndipo nikachukua daftari la mjukuu wako Zuhura. Hizi picha za paka pembeni ni zake, si zangu.

Neno lenyewe ni hili. Mwezi uliopita nilikwenda Malindi, kwenye ile ofisi wanakopima watoto masikio, nikasema mbele ya watu nisiowajua kwamba mamangu alidanganya. Nilikutaja kwa jina. Mimi niliyekuosha kwa mikono yangu, na wewe ndiye uliyenifundisha kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Mimi nimesema.

Usinikasirikie mpaka nimalize.

Unakumbuka alipopimwa mara ya kwanza. Zuhura alikuwa na miaka saba. Masikio yalimwondoka kwa homa akiwa na minne, maneno alikuwa nayo tayari. Mwalimu wake wa hapa Mambrui akatushauri tumpeleke. Akionekana hasikii ataandikiwa karatasi, na kwa karatasi hiyo ana haki ya nafasi katika darasa la viziwi kule Malindi, kwa mwalimu anayejua lugha ya ishara, na serikali imtengee fungu lake. Mimi nilisikia hivyo. Wewe ulisikia kwamba watu baki wanataka kumkagua mjukuu wako. "Mtoto wetu hatatoka mbele za watu akachekwa," ukasema.

Wiki nzima ukamkalisha kwenye mkeka, uso kwa uso, akusome midomo. Ulikuwa umeshakwenda kwa jirani ambaye mjukuu wake alipimwa, ukamtoa maswali yote kwa mpangilio wake, kama mtu anayeuliza kipimo cha tui la mkate wa sinia. Jina lako nani. Unakaa wapi. Una miaka mingapi. Leo umekula nini. Akikosea unamgusa kidevu, mnaanza upya.

Siku yenyewe ukamvalisha gauni la Idi, ukamfunga mtandio ukayafunika masikio yote mawili, na kifundo chini ya kidevu, kama ulivyomfunga kila asubuhi. Mashine ya kupimia ilikuwa mbovu, kwa hiyo afisa aliketi mbele yake akamuuliza kwa mdomo. Maswali yale yale, mpangilio ule ule. Zuhura akayajibu yote, na la mwisho akaongeza "alhamdulillahi" kwa hiari yake. Yule bwana akafurahi, akaandika kwamba mtoto anasikia vya kutosha. Ulitoka pale kama mtu aliyeoza binti. Na mimi niliyekuwa najua, nilinyamaza. Niliona fahari, Mama. Dhambi hiyo usiibebe peke yako.

Miaka miwili akakaa dawati la nyuma, ananakili ubaoni asichokielewa. Maneno yakaanza kumpotea moja moja. Ulipokuwa hai sikuyaona hayo, kwa sababu alikusoma wewe, nawe ukatujibia sisi wote. Ulipokufa ndipo nilipojua nyumba imenyamaza. Midomo yangu haisomeki. Ananishika kidevu, ananigeuza kwake, ananitazama, halafu ananiachia na kwenda zake. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nililia chooni.

Ndipo nikaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza inakupeleka ya pili, ya pili inakurudisha ya kwanza. Pale kwenye benchi la kungojea pana bango la haki za watoto wenye ulemavu, nimelisoma mpaka nalijua kwa ghaibu, kwamba elimu ni haki ya kila mtoto. Halafu karani anafungua faili na kuniambia, "Mama, huyu wako ameandikwa anasikia. Haya ni ya wasiosikia." Hana kosa, karatasi ndiyo isemayo hivyo. Nikaambiwa haifutwi mpaka mtu aeleze kwa nini ile ya kwanza ilikosea.

Nilishajipangia cha kusema. Ningesema homa ilirudi ikayamaliza masikio. Uongo mdogo, haumgusi mtu. Njia nzima kwenye tuktuk nilikuwa naurudia. Safari hii afisa alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, na makarani wawili wako mezani wanaandika. Akaniuliza, "Basi mwanzo aliyajibuje maswali?" Nikafungua kinywa niseme homa. Zuhura alikuwa amekaza macho kwenye midomo yangu, anajaribu kunisoma. Nikashindwa. Nikasema mamangu, Bi Fatuma wa Mambrui, alimfundisha majibu, na mimi nilijua.

Yule mama hakuandika hapo hapo. Aliweka kalamu chini, akasema, "Pole, dada. Wa namna hiyo tunawapata. Kila bibi anataka mjukuu wake afaulu." Kisha akasimama nyuma ya Zuhura, akamwita jina. Akaita tena. Akapiga makofi. Zuhura akaendelea kuhesabu vifungo vya gauni lake.

Basi karatasi tumeipata. Usidhani yamekwisha. Mwalimu mkuu amempokea, lakini fungu lake halijafika na hajui litafika lini. Mwalimu wa ishara ni mmoja, wakubwa kwa wadogo ni wake. Bweni halina kitanda. Kila asubuhi tunatoka mimi na yeye, jioni narudi kumchukua. Babake yuko kwenye kazi ya chumvi kule Gongoni, tunamwona Jumapili. Miguu inaniuma, na nimechoka kuambiwa nishukuru. Jumatatu nakwenda tena kuuliza habari za kitanda.

Lakini nikwambie la jana. Kule darasani kila mtu hupewa jina la ishara. Zuhura alikaa kwenye mkeka wako akanifundisha. Mimi ni kidole shavuni, kwa hili baka langu. Babake ni mtu anayebeba gunia. Nikaupapasa mkeka, pale ulipokuwa ukiketi, nikamwonyesha kwa macho: na mwenye hapa? Hakufikiri. Alishika mtandio usiokuwepo, akayafunika masikio yote mawili, akafunga kifundo chini ya kidevu. Akarudia polepole, kwa kuwa mimi mgumu kuelewa.

Ndilo jina lako sasa. Nilidhani nimekuvua nguo mbele za watu, kumbe mtoto amekuvika.

Leo asubuhi nilitaka kumfunga mtandio nimwache masikio wazi. Akanishika mkono, akauvuta mwenyewe mpaka yakafunikwa. Anataka kama ulivyomfunga wewe, nikamfunga hivyo.

Nisamehe, Mama. Nakuahidi sitamficha tena, wala sitanyamaza kwa kuogopa macho ya watu, hata nikichoka vipi. Na hayo mengine niliyoyaona siku ya kukuosha yatabaki kwangu mpaka nami nioshwe.

Pumzika. Mungu akusitiri, uliyependa kusitiri.

Mwanao,
Salma