Mama wa Mapokezi na Kikomo Nilichomwekea

Usinipigie, nipo ofisini, nitashindwa kuongea. Soma tu.

Unamkumbuka yule mama wa mapokezi niliyekuwa namlalamikia kwako, kwamba anamaliza mtandao wa ofisi nzima kwa tamthilia zake? Jana nilimkomesha. Niliingia kwenye swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao, simu za video za bosi nikazipa kipaumbele, tundu linalopeleka mtandao kwenye kompyuta yake nikaliwekea kikomo cha kasi. Nilimbana hadi barua pepe tu ndiyo ipite. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Leo kaja mlangoni kwangu anahema, viatu mkononi. Kapanda ngazi mbio.

"Mwanangu, njoo unitazamie mashine, imeganda. Wanamzika kaka yangu."

Ndugu yangu, wanamzika kaka yake. Ng'ambo huko. Bosi alimnyima ruhusa ya kusafiri, ndiyo maana alikuwa anafuatilia mazishi moja kwa moja kwenye kompyuta. Nimefika nikakuta picha imesimama, jeneza liko juu ya kaburi, halishuki.

Nikarudi mbio, nikaondoa kikomo. Kazi ya kubonyeza mara mbili. Picha ikarudi, kaburi limeshafukiwa, watu wanatawanyika.

Nilitaka kumwambia ni mimi niliyembana. Nikainama, nikajifanya nakaza waya.

Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Bila wewe nisingewaona hata wakiondoka."

Bila wewe, kasema.

Halafu kaniletea chai. Iko hapa mezani inapoa, siwezi hata kuigusa.